Vilima vya Ngong: Ukungu ulipotutia adabu

UKIKAA Kisaju, kile kituo kilichoko kati ya Kitengela na Isinya kwenye barabara kuu iendayo Namanga, huwezi kukosa kuviona vilima vya Ngong. Viko upande wa kaskazini-magharibi, vimejipanga kama vifundo vya vidole vya mtu aliyekunja ngumi. Asubuhi huwa na rangi ya buluu, adhuhuri hufifia kama moshi, na jioni za mwezi wa Julai jua huzamia upande huo huo na kuviacha vyeusi tititi.

Mimi nimeishi hapa kwa miaka sita. Kila siku nimeviona, na kila siku nimepita zangu. Aliye karibu na mto hunawa kwa mate, walisema wahenga. Ni binti yangu wa miaka 12 aliyeniuliza siku moja tukianua nguo, "Mama, nyuma ya vile vilima kuna nini?" Nikamjibu kwamba kuna Bonde la Ufa. Akauliza, "Umeliona?" Nikawa sina jibu. Bonde la Ufa nilikuwa nimelipita kwa matatu kupitia Naivasha, lakini kutoka kwenye vile vilima sikuwa nimewahi kuliona.

Wakati huo alikuwa amekuja mgeni, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kutoka Likoni, Mombasa. Alipanda treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, akashuka Syokimau akiwa amevaa kanzu na malapa. Baridi ya Julai ikampokea kabla yetu. Siku tatu za kwanza hakutoka nje ila amejifunga blanketi. Nilipomwambia kwamba Jumamosi tunakwenda kupanda mlima, alicheka mpaka chai ikampalia.

"Shemeji, sisi watu wa pwani twajua kuteremka baharini. Kupanda tumewaachia nyani," alisema.

Lakini binti yangu alimsihi. Kwa vile ami hawezi kumwambia la mtoto wa ndugu yake, alikubali. Mume wangu alibaki nyumbani na mdogo wake binti yangu. Usiku ule, alipokuwa akimwazima ndugu yake sweta mbili na raba, alimwambia neno moja tu: "Waangalie hao wawili." Neno hilo lilikuja kumtesa maskini shemeji yangu, kama utakavyosoma.

Safari yaanza

Tulitoka Kisaju saa kumi na moja alfajiri. Njia iliyo rahisi kwetu haipiti Nairobi. Unapanda gari hadi Isinya, kisha unashika barabara ya lami inayokata nyika kwenda Kiserian, na kutoka Kiserian unapanda matatu nyingine hadi mji wa Ngong. Tulipofika Ngong tulikunywa chai na mandazi, tukachukua bodaboda mbili hadi lango la msitu, linalosimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Hapo hulipwa kiingilio, na siku hizi malipo ni kwa simu.

Hapo ndipo pia hupatikana kiongozi na askari wa misitu. Msomaji ambaye hajafika huko huenda akauliza, askari wa nini? Kwa miaka mingi vilima hivi vilikuwa na sifa mbaya. Watu waliopanda peke yao waliporwa saa, kamera na hata viatu, na ikawa desturi kuonywa kwamba usipande bila bunduki nyuma yako. Siku hizi mambo yametengenea, lakini askari bado wapo, na mtu mwenye mtoto hapaswi kuona uchoyo kulipia usalama wake.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kimaasai aliyezaliwa chini ya vilima hivyo hivyo, upande wa bondeni. Alivaa koti la mvua juu ya shuka nyekundu, miguuni akala, mkononi fimbo. Binti yangu alipomwamkia, alimwekea kiganja utosini, kama Wamaasai wanavyowaamkia watoto wao, akasema, "Supa." Mtoto akatazama chini kwa haya.

Kabla hatujapiga hatua alitupa sheria tatu. "Ya kwanza, mimi nikisimama, mnasimama. Ya pili, asiyeniona asitembee. Apige kelele, akae chini. Ya tatu, upepo." Akamgeuza binti yangu kuelekea kusini. "Unahisi upepo uko wapi?"

"Shavu la kushoto," akajibu mtoto.

"Basi. Leo upepo unatoka mashariki. Tunaenda Kona Baridi, kusini. Ukiwa kwenye njia, upepo utakupiga shavu la kushoto siku nzima. Ukihama shavu, wewe umehama njia."

Mimi nilitabasamu tu. Nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mtoto.

Mitambo ya upepo

Kipande cha kwanza ni barabara ya gari inayopanda katikati ya mitambo ya kuzalisha umeme. Ukiwa Kisaju mitambo hiyo huionekani ila kama vijiti vyeupe. Ukifika chini yake unainua kichwa mpaka kofia inaanguka, na kila panga likipita juu yako linatoa mvumo kama wa bahari. Shemeji yangu alisimama, akafumba macho. "Sauti hii naijua," alisema. "Ni ya mawimbi ya Shelly wakati wa kusi."

Kwa faida ya wasomaji wetu vijana, hapa ni mojawapo ya mahali ambapo Kenya huvuna umeme kutokana na upepo. Mitambo miwili ya kwanza ilikuwa msaada wa serikali ya Ubelgiji na ilianza kazi mwaka 1993. Mwaka 2009 ikajengwa mingine yenye uwezo wa megawati 5.1, na baadaye ikaongezwa mpaka kituo chote kikafikia megawati 25.5 chini ya kampuni ya KenGen. Upepo uliokuwa ukiwapeperusha wachungaji shuka tangu enzi za mababu sasa unachemsha maji ya chai mijini.

Jambo jingine lililomshangaza shemeji ni kwamba reli iliyomleta kutoka Mombasa ina ndugu yake aliyepita chini ya nyayo zetu. Njia ya SGR inayotoka Nairobi kwenda Suswa, iliyofunguliwa mwaka 2019, imetoboa vilima vya Ngong kwa handaki lenye urefu wa kilomita kama 4.5. "Kumbe palikuwa na njia ya chini," alilalamika, "na nyinyi mwanipitisha ya juu!"

Baada ya mitambo barabara inakwisha na nyasi zinaanza. Hapo ndipo utakapojua kama wewe ni mzima au la. Vilele vinahesabiwa kuwa saba. Unapanda kimoja, unafurahi, halafu unateremka chote ulichopanda ili uanze kingine. Kilele cha juu kuliko vyote, Lamwia, kina urefu wa mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, nacho kiko karibu na mwisho.

Ili msomaji apate kipimo, ule mlima maarufu wa mji wa Cape Town huko Afrika Kusini, Table Mountain, ambao watalii huvuka bahari kuja kuupanda, una mita 1,086 tu. Ni kweli kwamba wao wanaanza ufukweni, na sisi tunaanza tukiwa tayari juu. Lakini mapafu hayajui ulianzia wapi. Kwenye mita 2,460 msukumo wa hewa umepungua kwa karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Mtu aliyezaliwa Likoni akifika huko na kuanza kukimbilia mbele, atalipa deni hilo kwa kifua chake.

Shemeji alilipa kwenye kilele cha pili. Alikaa kwenye nyasi, mkono kifuani, akisema, "Hewa ya huku imekatwa maji." Kiongozi hakumcheka. Alimpa maji, akamwambia avute pumzi kwa pua na kutembea hatua fupi fupi kama mzee anayekwenda barazani. "Haraka si mwendo wa mlima," alisema. Tukaenda hivyo, pole pole, na kweli kifua chake kikatulia.

Jicho la maji

Njiani kiongozi alitueleza habari za mahali. Jina Ngong, alisema, asili yake ni neno la Kimaasai, enkong'u, maana yake jicho. Nalo, kama ilivyo katika Kiswahili, hutumika kwa jicho la maji, yaani chemchemi. Wazee husema ilikuwa chemchemi ya kifaru. Faru hawapo tena hapo, ila maji yapo bado kwenye makorongo ya chini, na ng'ombe wanayajua.

Wapo wasemao kwamba vilima hivi ni alama ya vifundo vya ngumi ya jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka na kujishika chini. Wanasayansi nao wana hadithi yao: kwamba hili ni pande lililobaki la volkano kubwa ya kale, na pande lake la magharibi lilididimia wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Ukisimama juu ya ukingo huo unaona kwamba hadithi zote mbili zina akili. Upande wa mashariki mteremko ni wa upole, una miti na mashamba. Upande wa magharibi ardhi inakatika ghafla kama mkate uliomegwa.

Alituonyesha pia, kwa mbali, mteremko wa mashariki alikozikwa Denys Finch Hatton, yule Mwingereza mwindaji aliyekufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwezi Mei 1931, na ambaye mwandishi wa Denmark Karen Blixen alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1937. Halafu akanyamaza kidogo, akasema kwamba vilima hivi vina habari nyingine ambazo watalii hawaziulizi. Mwezi Machi 1975 mwili wa mheshimiwa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulipatikana huku Ngong, na aliyeuona kwanza alikuwa mchungaji wa Kimaasai. "Sisi wachungaji," alisema kijana yule, "tunaona mambo mengi kabla ya serikali."

Ukungu

Yaliyonipata baada ya hapo nayaeleza bila kuficha, maana kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa tumevuka kilele cha nne. Binti yangu aliona maua madogo ya manjano chini ya jiwe, akainama kuyatazama. Nami nikatoa simu nimpige picha. Wenzetu walikuwa mbele hatua kama 30: kiongozi, shemeji, na askari ambaye wakati huo alikuwa amemshika shemeji mkono kwenye mteremko. Kiongozi aligeuka, akaniita. Nikampungia mkono kumaanisha, nendeni tu, tunakuja.

Picha ya kwanza haikuwa nzuri. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Nilipoinua kichwa, wenzetu hawakuwapo. Kilele cha tano hakikuwapo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mashariki bila kelele, mweupe kama tui la nazi, na ulikuwa umetumeza.

Sheria nilikuwa nimeisikia: asiyeniona asitembee. Lakini mbele yangu niliona njia, tena njia nzuri, iliyokanyagika vizuri. Nikajiambia, mimi ni mtu mzima, nimesoma, njia ni hii, nitawafikia baada ya dakika mbili. Nikamshika mtoto mkono tukaenda.

Njia ilianza kuteremka. Sikushangaa, kwa sababu siku nzima tulikuwa tukipanda na kuteremka. Ikazidi kuteremka. Nyasi zikawa ndefu, mawe yakaanza kuteleza chini ya viatu. Nikaita, sauti ikafa palepale mdomoni kama niliyeita ndani ya pamba. Nilimwambia mtoto, "Wako hapo mbele tu." Nilikuwa namdanganya, na nadhani alijua.

Ndipo aliposimama na kuuvuta mkono wangu.

"Mama, upepo uko mgongoni."

Nilinyamaza nikasikiliza. Kweli, upepo ambao tangu asubuhi ulikuwa ukitupiga shavu la kushoto, sasa ulikuwa unatusukuma mgongoni. Tulikuwa tumeiacha kusini. Tulikuwa tunakwenda magharibi, upande ule ardhi inakokatika kama mkate.

Msomaji, mimi si mwoga wa kawaida. Lakini miguu yangu iliisha nguvu. Nilimkalisha mwanangu kwenye jiwe, nikakaa nyuma yake, nikamkumbatia na kumfunika kwa leso niliyokuwa nimejifunga kiunoni. Simu haikuwa na mtandao. Tukaanza kupiga kelele kwa zamu, yeye mara tatu, mimi mara tatu. Katikati ya kelele nilikuwa najiuliza nitamwambia nini baba yake. Kwamba nilikuwa natafuta picha nzuri?

Sijui tulikaa muda gani. Saa yangu ilisema dakika 25, lakini saa haina mtoto. Mwishowe tulisikia mluzi, kisha mwingine, karibu zaidi. Mtoto akajibu kwa kupiga makofi. Shuka nyekundu ikatokea ndani ya weupe ule, na kiongozi wetu akaja akiteremka kwa akala zake bila hata jiwe moja kuteleza.

Hakufoka. Alimwekea mtoto kiganja utosini kama asubuhi. Kisha akaitazama ile njia yangu nzuri, akasema kwa upole, "Mama, hii ni njia ya ng'ombe. Ng'ombe hawaendi Kona Baridi. Ng'ombe wanaenda majini."

Alikwenda hatua chache mbele yetu, akaniita nikaone. Ile njia, hatua kama 40 kutoka kwenye jiwe tulilokalia, ilipinda kushoto kuelekea kwenye korongo. Mtu aliyekosa kupinda nayo angeendelea mbele moja kwa moja, na mbele moja kwa moja hapakuwa na kitu ila ukungu. Alitupa jiwe. Nilisikia likigonga mara moja, halafu baada ya muda likagonga tena, chini sana.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Usiniombe mimi. Mshukuru huyu. Huyu ana masikio."

Tulipofika juu tulimkuta shemeji amekaa na askari. Alikuwa analia waziwazi, sweta mbili zimelowa ukungu na machozi. "Shemeji," alisema, "ningemwambia nini kaka yangu? Ningerudi Likoni na uso gani?" Kumbe sote wawili tulikuwa tukijiuliza swali lile lile kwenye ukungu ule ule.

Kisaju kwa mbali

Tulifika Lamwia saa saba na nusu. Hapo ndipo Mungu alipotuonea huruma, akafunua. Ukungu ulichanika kwanza upande wa magharibi, na binti yangu akapata jibu la swali lake. Bonde la Ufa lilikuwa chini yetu, kavu, la rangi ya ngozi ya simba, likienda mpaka macho yanapochoka. Kiongozi alimwonyesha mlima Olorgesailie upande wa kusini na Suswa upande wa kaskazini. Kilimanjaro na mlima Kenya huonekana siku ya anga safi, lakini siku hiyo havikujitokeza. Mtoto hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni kubwa kuliko nilivyofikiri."

Halafu ukungu ukafunguka upande wa mashariki. Tuliona mji wa Kiserian miguuni petu, ukanda wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na mbali, upande wa kusini-mashariki, nyika za Kaputiei zikimetameta. Nilidhani ni maji. Yalikuwa mabati. Kitengela, Kisaju, Isinya, mabati yamefuata barabara kama siafu waliofuata sukari.

"Nyinyi mko upande gani?" aliuliza kiongozi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Alitazama kwa muda. "Mwaka 2009, ule wa ukame mkubwa, tulipita huko na ng'ombe. Nilikuwa na umri kama wa huyu binti. Tulitembea siku nzima bila kukutana na waya. Mwaka 2022 ukame ulipokuja tena, tulijaribu njia ile ile. Tulifika penye ua, tukazunguka. Penye ua mwingine, tukazunguka. Ng'ombe aliyechoka hana nguvu ya kuzunguka."

Hakuyasema kwa lawama. Alieleza kwamba ardhi ya ranchi za jamii iligawanywa kwa watu binafsi tangu miaka ya 1980, na kila mtu ana sababu zake za kuuza: karo, hospitali, harusi. Mbuga ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka 1946 upande wake wa kusini uliachwa wazi makusudi, ili nyumbu na pundamilia waende na kurudi katika nyika hizo kufuata mvua. Tangu mwaka 2000 umekuwapo mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili wasijenge uzio. Baadhi walikubali. Lakini bei ya ploti ina sauti kubwa kuliko malipo hayo.

Mimi nilinyamaza. Ploti yetu ni futi 50 kwa 100, na tumeizungushia seng'enge nyuzi sita. Tulipoinunua niliona ni mafanikio, na mpaka leo naona hivyo, kwa maana hapo ndipo wanangu wanapolala. Lakini kwa miaka sita nilikuwa nikivitazama vilima kutoka ndani ya ua wangu, bila kujiuliza kwamba huko juu kuna mtu anayeutazama ua huo na kukumbuka njia iliyopita chini yake. Kijana huyu ambaye wakati wa ukame alizuiwa na seng'enge kama zangu ndiye aliyemfuata mwanangu kwenye ukungu, wala hakuuliza kwanza tunakaa wapi.

Nilimwambia, "Ashe oleng." Ndiyo maneno pekee ya Kimaasai niliyokuwa nayo, maana yake asante sana. Yalikuwa machache kuliko deni.

Ushauri kwa wanaotaka kwenda

Tulishuka Kona Baridi saa tisa na nusu, tukala nyama choma mpaka shemeji akafungua vifungo. Safari nzima kutoka langoni ni kilomita zipatazo 10, na watu wazima wenye afya huchukua kati ya saa nne na sita. Ukiwa na watoto panga siku nzima.

Nenda asubuhi mapema. Vaa viatu vyenye meno, si malapa. Chukua sweta na koti la mvua hata kama jua linawaka, maji ya kutosha, na chakula, kwa sababu ukishaliacha lango nyuma hakuna vibanda mpaka mwisho. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aongee na daktari kwanza. Mgeni kutoka pwani apewe siku kadhaa za kuzoea hewa kabla ya kupanda. Miezi ya Juni hadi Agosti ni ya baridi na ukungu. Januari na Februari kwa kawaida anga huwa safi zaidi.

Na juu ya yote, lipa kiongozi, kisha umsikilize. Hilo la pili ndilo lililonishinda mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa mlimani ni yule anayeijua njia, hata kama umri wake ni mdogo kuliko wako.

Shemeji amerudi Likoni. Nasikia barazani huko vilele saba vimeshakuwa kumi na mbili, na ukungu umeshakuwa na chui ndani yake. Mume wangu alisikiliza habari yote usiku ule hadi mwisho, kisha akainuka, akaenda kumfunika vizuri binti yake aliyekuwa amelala. Hakuniuliza lolote.

Hapa Kisaju vilima viko palepale. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yangu husimama kwenye lango letu dogo la mabati akavihesabu. Halafu hufumba macho, akageuza uso pole pole mpaka aupate upepo.